Kata Mchoro wa Zamani, Utume Kadi

Kama una mchoro wa rangi usio na sura ya mtu, mnyama wala nyumba, na umeuegemeza ukutani kwa sababu haukutoka ulivyotaka, usiutupe, wala usiupake nyeupe ili uanze upya. Mchoro wa namna hiyo unaweza kukupa kadi ishirini au thelathini, na baadhi zitapendeza kuliko mchoro wenyewe. Mchoro uliofanikiwa unaomba kuachwa mzima. Ulioshindikana una sehemu ndogo nzuri zilizomezwa na fujo inayozizunguka, na kazi ya mtengeneza kadi ni kuzitafuta, kuzikata na kuzipa nafasi ya kuonekana.

Nawaandikia hasa watu wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, na nina sababu. Kasongo ulikuwa mji wa Waungwana tangu enzi za Tippu Tip, kabla jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis halijauingia Aprili 1893, na Uislamu ulibaki pale hata baada ya wamisheni kujenga makanisa yao. Katika ukoo mmoja utamkuta shangazi anayefunga Ramadhani na mjomba asiyekosa misa ya Jumapili. Kadi yenye picha ya mtoto Yesu horini haimfai shangazi; yenye mwezi na nyota haimfai mjomba. Rangi tupu zinawafaa wote wawili. Ukitengeneza kadi kutoka mchoro mmoja, unaweza kuwatumia jamaa wote vipande vya kitu kimoja, kila mtu kwa sikukuu yake, na hakuna atakayejiona amepewa cha mwenzake.

Wala usidhani kuwa michoro isiyo na sura ni jambo la kuazima Ulaya. Katika miaka ya 1920, ofisa mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, alikuta nyumba zilizopambwa kwa michoro huko Bukama, kwenye Lualaba hiihii yetu, upande wa juu. Akamtafuta mchoraji, Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Baadaye, huko Kasai, Thiry alifanya vivyo hivyo na Djilatendo, na huyu ndiye anayetuhusu zaidi: pamoja na picha za watu na wanyama, alijaza karatasi nzima kwa miraba, pembe na mistari iliyofumana, kwa mtindo unaofanana na nakshi za vitambaa vya Wakuba wa hukohuko Kasai. Mwaka 2015 michoro hiyo ya karatasi ilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Beauté Congo. Ukitazama mkeka uliosukwa vizuri hapo nyumbani, utaona kwamba jicho lako limeshafundishwa kupenda mpangilio usio na sura. Litumie jicho hilo.

Kwanza, mchoro upi? Ulio kwenye karatasi nene ndio rahisi kuliko yote. Ulio kwenye kitambaa au gunia la unga la pamba unafaa pia, ila ni mzito, na gundi yake iwe nzito vilevile. Uliochorwa juu ya gunia la plastiki haushiki gundi ya wanga. Huo utaushona, na nitaeleza. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene hupasuka ikikunjwa, kwa hiyo usikunje mchoro wenyewe hata siku moja. Mchoro ni wa kubandikwa usoni mwa kadi. Kinachokunjwa ni karatasi iliyo chini yake. Rangi ikimenyeka ukiigusa kwa ukucha, achana na sehemu hiyo. Na kama ni rangi ya zamani ya kupakia milango au vyuma, usiisugue kwa msasa, kwa maana rangi nyingi za zamani zina risasi ndani yake na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ikate tu, kisha unawe mikono.

Mchoro ukiwa wa mtu mwingine, mwombe ruhusa kabla ya kushika wembe. Wachoraji wengi hukubali wakielezwa, na baadhi hufurahi sana. Nyuma ya kadi andika kwa herufi ndogo kwamba kipande hiki kimetoka katika mchoro wa fulani, na jina lake. Ni haki yake hata kama mchoro wenyewe aliuita takataka.

Sasa dirisha. Hapa ndipo kadi inapozaliwa, na hapa ndipo watu wanapofanya haraka isiyo na sababu. Chukua boksi la sabuni au la biskuti, ukate vipande viwili vyenye umbo la herufi L, kila mkono upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 25 hivi. Vikiwekwa kinyume kimoja na kingine, vinafanya fremu unayoweza kuipanua na kuibana. Ifunge kwa pini au gundi ya karatasi kwenye kipimo cha kadi yako, halafu uitembeze taratibu juu ya mchoro uliolazwa mezani, mahali penye mwanga wa mchana.

Usitafute mahali palipojaa rangi nyingi. Tafuta mahali penye sehemu moja nzito na sehemu moja tulivu. Chukua mfano wa mchoro wa kijivu ambao mchoraji alimwagia nyekundu kwa wingi mno, akakata tamaa. Katikati ni vurugu. Lakini ukisogeza fremu hadi ukingo wa kushoto, unapata kijivu kitupu kwa theluthi mbili za dirisha, na matone mawili ya nyekundu yanayoshuka kutoka juu, moja likikoma kabla ya kufika chini. Hiyo ni kadi tayari. Isogeze nusu sentimita kulia, tone la tatu linaingia, na utulivu wote unaondoka. Nusu sentimita ndiyo tofauti. Ndiyo maana nasema usiharakishe.

Geuza mchoro kichwa chini. Uweke ubavu. Finya macho mpaka uone vivuli tu bila mistari. Kama bado kuna kitu kinachokuvuta, kipande hicho ni kizuri. Mstari unaoingia upande mmoja na kutokea upande mwingine huipa kadi mwendo. Mstari unaokufa katikati bila sababu huifanya ionekane imekatwa ovyo. Kipande cha rangi moja tupu, bila chochote, nacho kisidharauliwe: bluu nzito yenye alama za brashi tu inatosha kabisa kwa kadi ya pole ya msiba.

Ukishachagua, usichore mistari ya penseli usoni. Toboa kwa sindano kwenye pembe nne za dirisha, geuza mchoro, unganisha matundu hayo kwa rula na penseli kwa nyuma, na ukatie huko nyuma. Tumia wembe mpya, si makasi, kwa sababu makasi huacha ukingo wa mawimbi. Weka rula ya chuma juu ya upande unaoutaka, si juu ya unaoutupa. Wembe ukiteleza, utaumiza mabaki na kadi itasalimika. Pitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Anayekata kwa nguvu mara moja hupata ukingo uliochanika.

Kuhusu vipimo, anza na karatasi ya A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7. Ikate katikati, upate mbili za sentimita 14.8 kwa 21. Kila moja ukiikunja katikati inakuwa kadi ya 10.5 kwa 14.8. Kipande cha mchoro kiwe 8.5 kwa 12.5. Kibandike ukiacha sentimita 1 juu na pembeni, na 1.3 chini. Huo ukingo mpana kidogo wa chini ni wa lazima: bila huo, macho huona kama kipande kinaporomoka. Mchoro wa sentimita 60 kwa 80 una nafasi ya vipande 42 vya kipimo hiki ukivipanga kama vigae, lakini usivipange kama vigae. Tafuta kwanza vilivyo bora, hata kama vinapishana na kuharibu hesabu. Ukipata ishirini vya kujivunia, umevuna. Mabaki membamba yanafaa kwa alama za kitabu, na vijipande vidogo vinafaa kufungwa kwenye zawadi.

Karatasi ya kadi ndiyo shida ya huku kwetu. Karatasi ya kawaida ya ofisi, gramu 80, ni laini mno. Kadi haitasimama mezani. Ukikosa karatasi nene, bandika mbili pamoja. Kalenda za mwaka uliopita zinafaa kuliko unavyofikiri: nyuma yake ni nyeupe na karatasi yake ni imara, na kila Januari zinatupwa. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa za karatasi ya kahawia, na zile za kati huwa safi. Ukung'utie nje, uso umefunikwa kwa kitambaa, kwa maana vumbi la saruji si la kuvuta. Kahawia ile inabeba rangi kali vizuri kuliko nyeupe, na mimi naipendelea hasa kwa michoro yenye nyekundu na manjano. Jalada la kaye la shule linafaa pia, upande usiochapwa.

Uhaba wa karatasi haujawahi kumzuia mtu mwenye la kusema. Kadi ya kwanza ya UNICEF, ya mwaka 1949, ilitokana na mchoro wa msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia, Jitka Samkova, aliyekuwa akishukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi haikuwepo, akachora kwenye kioo.

Kila karatasi ina upande inaopenda kukunjikia. Ipinde kidogo bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wa mkunjo wako. Ukikunja kinyume chake, mkunjo utakuwa na mipasuko. Kabla ya kukunja, pitisha kwenye rula biki iliyokwisha wino, ukibonyeza, upate mfereji mwembamba. Kunja juu ya mfereji huo na usugue kwa mgongo wa kijiko.

Gundi ya dukani ni ghali na mara nyingi hufika imeganda. Wanga wa muhogo unaishinda. Kwangua muhogo mbichi, uukamue ndani ya maji, uchuje kwa kitambaa, uache maji yatulie mpaka unga mweupe ushuke chini, umwage maji, uanike. Ukiwa na haraka, unga wa muhogo uliochekechwa kwa kitambaa chepesi utafaa. Koroga kijiko kimoja cha wanga katika vijiko viwili vya maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vijiko sita vya maji, mimina ule mchanganyiko humo huku ukikoroga bila kuacha. Utauona mweupe kama maziwa, halafu ghafla unaanza kung'aa na kupenya mwanga. Hapo ndipo ulipoiva. Ukiutoa mapema hautashika. Ukiuacha sana utakuwa mzito wa kushindwa kupakika. Uache upoe kabisa kabla ya kuutumia. Baada ya siku mbili au tatu huchacha, basi pika kidogo kidogo. Wali uliopikwa ukalainika sana, ukapondwa na kuchujwa, hufanya kazi hiyohiyo, na Maniema tunalima mpunga.

Mende hupenda wanga kama sisi. Kadi zikikauka ziweke kwenye mkebe wenye mfuniko, pamoja na karafuu chache, wala usiziache wazi kabatini.

Paka gundi nyembamba nyuma ya kipande cha mchoro, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha subiri kama dakika moja. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika papo hapo itaendelea kutanuka juu ya kadi na kufanya mapovu. Iache itanuke kwanza. Ilaze, funika kwa karatasi safi, sugua taratibu kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Funga kadi, weka karatasi safi juu na chini, halafu ubao, halafu tofali. Ziache usiku mzima, na wakati wa mvua ziache siku mbili. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wa kufanya kazi hii kwa wingi: hewa ni kavu, gundi inashika upesi na karatasi haipindi. Kadi ikipinda hata hivyo, bandika karatasi nyembamba ndani, upande wa nyuma ya mchoro. Itavuta kinyume na kuinyosha. Karatasi hiyo ya ndani inafaa pia kwa kuandikia.

Kwa mchoro wa gunia la plastiki, toboa kwanza matundu kwa sindano pembeni yote, kila sentimita moja, ukipitisha kwenye kipande na kadi kwa pamoja, ndipo ushone. Uzi wa mwale uliochanwa mwembamba unapendeza kuliko uzi wa dukani. Fundo libaki ndani, lifunikwe na karatasi ya maandishi.

Unaweza kuukinga mchoro na unyevu kwa kuusugua na mshumaa mweupe, kidogo sana, na kufuta kwa kitambaa. Fanya hivyo mwisho kabisa, gundi ikishakauka, kwa maana gundi haishiki juu ya nta. Jaribu kwanza kwenye mabaki: rangi nyingine hufifia chini ya nta, nyingine huamka.

Maneno sasa. Usoni mwa kadi usiandike chochote. Ukiandika IDI MUBARAKA kwa herufi kubwa juu ya kipande ulichokitafuta kwa uangalifu wote ule, umekiua. Andika ndani, kwa biki nyeusi au bluu, na uandike kama unavyosema. Kadi za kuchapwa zina Kifaransa cha sherehe ambacho hakuna anayekitumia jikoni. Mtu wa Kasongo aliye Kindu au Bukavu akifungua kadi akakuta «Yaya, tulipata mutoto mwanamuke. Tulimupa jina la mama yetu», ataisikia sauti yako kabla hajamaliza mstari. Hakuna haja ya kuisafisha iwe ya kitabu.

Sema jambo moja ambalo ni ninyi wawili tu mnaolijua. Kwa aliyefaulu mtihani wa diplome, mtaje mwalimu aliyemhangaikia, au usiku aliosoma kwa taa ya mafuta. Hongera tupu ameshaipata kwa kila mtu mtaani siku ile alipomwagiwa poda ya pongezi. Kwa msiba, mtaje marehemu kwa jina na useme kitu alichowahi kukufanyia. Watu huogopa kumtaja, wakidhani wanaongeza uchungu, kumbe mfiwa anataka kusikia jina hilo kwa mtu mwingine pia. Kwa Bonane, yaani Mwaka Mpya, taja jambo la mwaka unaokwisha, hata kama ni dogo kama mvua iliyowakuta mkitoka shamba. Kwa Idi, usiandike tarehe mapema, mwezi ndio utakaoamua. Na ningeshauri aya za Kurani au za Biblia ziachwe kwa karatasi nyingine. Kadi huanguka, hukanyagwa, watoto huichezea, na si vizuri umpe mpokeaji kitu ambacho atasumbuka jinsi ya kukihifadhi.

Kadi za kuuza zisiandikwe ndani. Mnunuzi anataka kuandika lake. Ili upate bei, hesabu karatasi, makaa ya kupikia gundi na wembe, kisha uhesabu muda wako kwa kiwango ambacho ungelipwa kwa kibarua cha kawaida. Ugawe kwa idadi ya kadi nzuri, si kadi zote. Vipande hafifu usiviuze kwa bei ya chini, vikate viwe alama za vitabu. Anayenunua kadi mbaya kwa bei rahisi harudi. Pa kuanzia ni penye shughuli: mlangoni mwa parokia wiki za Majilio, karibu na msikiti siku za mwisho za Ramadhani, na shuleni matokeo ya diplome yanapotangazwa.

Bahasha usiinunue. Karatasi ile ile ya saruji inatosha. Laza kadi juu ya karatasi, chora kuizunguka ukiongeza milimita 5 kila upande ili iingie bila kubanwa, ongeza chini yake kipande cha pili cha ukubwa uleule kitakachokunjwa kuwa mgongo, masikio mawili ya sentimita 2 ubavuni na mfuniko juu. Masikio yabandikwe ndani, si nje, yasije yakakwama kwenye mizigo.

Posta usiitegemee. Kadi ya Kasongo husafiri mkononi mwa mtu: na dereva wa pikipiki wa Kindu, na mwenye baiskeli anayeshuka Kabambare, na msafiri anayevuka Lualaba kupanda treni Samba. Kwa hiyo ifungie ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara mbili, kati ya vipande viwili vya boksi, ufunge kwa kamba. Juu ya boksi, si juu ya bahasha tu, andika jina la mpokeaji, mtaa wake, jirani anayejulikana na namba ya simu. Mpigie mpokeaji umwambie jina la msafiri na siku aliyoondoka, maana kadi isiyongojewa hulala begini kwa mtu mwezi mzima bila ubaya wowote. Mwombe msafiri aiweke kati ya nguo zake, si kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Na kwa Noeli, iondoke Kasongo kabla Novemba haijakwisha. Desemba barabara ya Kindu ni matope matupu, na pikipiki zinazofika ni zile zilizoondoka mapema.